Friji la Herufi Mbili

Bi Moza alipotangaza kuwa anahamia Unguja kwa mwanawe, watu wa Gando walimlilia kila mmoja kwa lake. Wanawake wenzake walililia ucheshi wake, watoto wa skuli wakalilia malai yake ya barafu ya ukwaju, na Rahma akalilia friji. Wala hakuona haya kulisema hilo. Kwa miaka minne dawa ya sukari ya mama yake, Bi Bimkubwa, ilikaa katika mlango wa friji la Bi Moza, baina ya chupa ya siki na sahani ya ndimu. Kila asubuhi na kila magharibi Rahma alivuka uwanja, akabisha hodi, akachukua chupa, akampiga mama yake sindano, kisha akairejesha chupa pale pale. Hata siku walizonuniana, Bi Moza alimwachia mlango wazi.

"Ningekuachia, wallahi," Bi Moza alimwambia siku mbili kabla ya safari. "Lakini la mwanangu limekufa na wana mtoto mchanga. Nenda Chake kanunue lako. Vichupa vitatu havitaki ghala."

Rahma alikuwa fundi cherehani, na miezi ile sare za skuli zilikuwa zimemwendea vizuri. Akiba anayo. Asubuhi ya pili yake alivaa buibui lake la kutokea, akaaga, akashika njia ya Chake Chake.

Duka aliloelekezwa lilikuwa jipya, la vioo mbele, lina baridi ya kiyoyozi inayompokea mtu tangu mlangoni. Televisheni kumi na zaidi zilikuwa zimewashwa ukutani, zote zinaonesha samaki mmoja yule yule wa rangi akiogelea. Rahma alivua viatu kwa mazoea, akaona wenzake wote wamevaa, akavivaa tena huku ameshajisikia vibaya.

"Karibu, dada yangu, karibu sana. Leo umefika penyewe."

Aliyemkaribisha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ndevu zimechongwa kama zimepigiwa rula, shati jeupe, tai nyekundu. Kifuani alibandika kadi: Haitham, Mshauri wa Wateja. Alinukia mafuta mazuri, mengi kupita kiasi, kama mtu aliyejimwagia kichupa kizima.

Rahma alimweleza haja yake kinagaubaga, kwani njiani alikuwa ameipanga. "Nataka friji dogo la kuwekea dawa ya mama yangu. Dawa ya sukari, ile ya sindano. Haitaki joto, wala haitaki kuganda. Sina cha kuweka zaidi ya hicho."

Pembeni yalikuwako mafriji madogo ya kawaida, mawili matatu, urefu wa kiunoni. Rahma alikuwa ameshaanza kuyasogelea. Haitham akampita mbele.

"Hayo wachana nayo, dada. Mambo ya zamani hayo. Yanakula umeme, yananguruma, mgonjwa halali. Njoo nikuoneshe kitu."

Akampeleka kwenye rafu iliyojaa visanduku vya buluu, vya plastiki, vyenye mpini wa kubebea. Vilikuwa vingi, vimepangwa hadi juu. Haitham alikiteremsha kimoja kwa mikono miwili, taratibu, mithili ya mtu anayempakata mtoto.

"Hii ndiyo friji ya kisasa. Kazi ya Mjerumani. Haina mashine, haina kelele, unachomeka ukutani au kwenye gari. Wakubwa wote wa maofisini wananunua hii. Kwa dawa ndiyo yenyewe khasa, imetengenezwa kwa dawa."

Rahma alikipindua kisanduku. Chini kilikuwa na maandishi ya Kichina, mistari na mistari, na ndani mlikuwa na kijitabu cha maandishi yale yale. Mbele, karibu na mpini, aliona swichi ndogo yenye herufi mbili, H upande mmoja na C upande wa pili, na vitaa viwili.

"Na hizi herufi?" aliuliza.

Haitham alikohoa kidogo. Aliiangalia swichi, akamwangalia Rahma, akatabasamu.

"H ni 'hai'. Yaani nguvu ya juu. C ni 'chini', nguvu ndogo. Wewe kwa dawa ya mama weka H, usiitoe. Kitaa chekundu kikiwaka, ujue kinafanya kazi kwa nguvu zote. Cha kijani ni pale kinapopumzika."

Ilikuwa fasaha kiasi kwamba Rahma alijiona mjinga kwa kuuliza. Hai na chini. Kumbe hata hao watengenezaji wanatujua siku hizi, alijisemea. Alilipa, akapewa risiti iliyopigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na Haitham akamtolea kisanduku mpaka barabarani.

Bi Moza aliondoka alfajiri ya siku iliyofuata, na friji lake likapakiwa. Vichupa vitatu vya Bi Bimkubwa, dawa ya mwezi mzima, vikaingia katika kisanduku cha buluu juu ya kabati la nguo. Rahma alichomeka, akasukuma swichi kwenye H. Kitaa chekundu kikawaka. Bi Bimkubwa, aliyekuwa amekaa kitandani anachambua mchele, alikiangalia akakipenda.

"Kizuri. Hakisemi hata neno," alisema.

Magharibi Rahma alifungua achukue dawa. Mkono wake ulipoingia ndani ulikutana na vuguvugu, kama mtu anayetia mkono chini ya kuku anayeatamia. Kichupa nacho kilikuwa na joto. Alisimama pale, kifuniko mkononi, kisha akaipiga namba ya Haitham iliyoandikwa juu ya risiti.

"Usiwe na wasiwasi, dada," Haitham alisema, na nyuma yake zilisikika televisheni. "Hiyo gesi inazunguka. Joto unalolisikia ni lile linalosukumwa nje na baridi. Kipe siku tatu. Na usikifungue-fungue, unaitoa baridi."

"Lakini mkono wangu..."

"Umeweka H?"

"H."

"Basi uko sawasawa."

Rahma alikata simu, akautazama mkono wake kana kwamba ndio uliomdanganya. Mwenziwe amevaa tai, anauza vitu hivi kutwa. Yeye anajua nini? Yeye anajua pindo na kola. Akafunga kifuniko haraka ili baridi isitoke.

Asubuhi ya pili alipompiga mama yake sindano, Bi Bimkubwa alikunja uso. "Mbona dawa ya leo vuguvugu?"

"Ndivyo linavyoanza hilo, mama. Gesi inazunguka. Siku tatu tu litatulia."

Alilisema kwa sauti ya uhakika kabisa, sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo katika jambo asilolijua. Baadaye, kila alipoyakumbuka maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, alitamani kuusugua ulimi kwa majivu.

Siku ya tatu Bi Bimkubwa alikunywa maji mtungi mzima na bado kiu. Alikwenda chooni mara asizoweza kuzihesabu. Siku ya nne, jua limepanda, Rahma aliacha kushona kwa sababu alimwita mama yake mara tatu hakuitikiwa. Alimkuta amelala ubavu, macho nusu, anahema kwa kasi kama aliyepanda mlima, ametapika juu ya kanga. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu mbaya, harufu ya ndizi iliyooza ndani ya mfuko. Rahma alipiga ukelele mmoja tu. Rajab, jirani mwenye gari, alikuja mbio na shati mkononi, wakambeba Bi Bimkubwa wakamlaza kiti cha nyuma. Rahma alirudi ndani, akachomoa kisanduku akakipakata. Aliwaza kuwa huko hospitali watataka kuiona dawa, na dawa lazima ifike ikiwa baridi.

Hospitalini aliwapokea nesi aitwaye Nadhira, mwanamke mwembamba asiyesema sana. Alimtoboa Bi Bimkubwa kidole, akatia damu kwenye mashine ndogo. Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili tu, H na I.

"Hiyo maana yake nini?" Rahma aliuliza.

"Maana yake sukari imepita inapoweza kusoma," Nadhira alijibu, na mikono yake haikusimama. Alitafuta mshipa, akatundika maji, akamwita daktari, wakazungumza kwa maneno mafupi. Bi Bimkubwa aliposhatulizwa kitandani, na dripu inadondoka, ndipo nesi alipogeuka.

"Dawa amekuwa akipigwa?"

"Kila siku. Asubuhi na magharibi. Sikukosa hata mara moja, wallahi."

"Iko wapi?"

Rahma alimkabidhi kisanduku. Nadhira alikifungua, akatia mkono, akauvuta nyuma. Akatazama ndani. Akatazama swichi. Alipoinua uso alikuwa na mshangao usio na dharau ndani yake, na hilo ndilo lililomuumiza Rahma zaidi.

"Bi Rahma, mnapashia chakula humu?"

Rahma hakumwelewa. Nadhira alikitoa kichupa kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ile dawa iliyozoea kuwa nyeupe sawasawa kama maji ya tui ilikuwa na madonge madonge, mengine yameganda ukutani mwa kichupa, kama maziwa yaliyokatika.

"Hiki ni chombo cha safarini," Nadhira alisema pole pole. "Kina pande mbili. C kinapoza, na hata hiyo C kwa joto letu hili haifikii friji. H kinapasha. Dawa hii imepikwa siku nne. Umempiga mama maji tu."

"H ni 'hai'," Rahma alisema. Alisikia sauti yake ikisema.

"H ni moto. 'Hoti', moto kwa Kiingereza."

Naye Rahma neno hilo alikuwa nalo tangu darasa la tano. Alilijua kama anavyolijua jina lake. Mwalimu aliliandika ubaoni, moto na baridi, moto na baridi, wakaimba darasa zima. Miaka yote hiyo lilikaa kichwani mwake, na siku lilipohitajika akaja mtu na tai nyekundu akamwambia H ni hai, akakubali. Alitoka nje mpaka kwenye bomba la uani, akaufungulia mkono maji, mkono ule ule uliolisikia joto, akauosha muda mrefu.

Bi Bimkubwa alilala hospitali siku sita. Siku mbili za mwanzo hakumjua mtu. Ya tatu aliomba uji, na ya nne akauliza kwa nini kitanda chake kimeelekezwa dirishani, jua linamwingia machoni, na Rahma akacheka na kulia kwa pamoja. Lakini miguu ilikuwa imelegea, na jicho la kushoto alisema anaona kama amefunikwa na chachi. Daktari alisema huenda likarudi, huenda lisirudi.

Siku ya tano, mama yake aliposinzia baada ya chakula cha mchana, Rahma alimwomba Nadhira amwangalizie, akakichukua kisanduku akaenda Chake.

Samaki yule wa rangi alikuwa bado anaogelea ukutani. Haitham alikuwa na mteja, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na mfuko wa plastiki mkononi, na baina yao juu ya meza palikuwa na kisanduku cha buluu. Rahma alisimama nyuma ya rafu ya mapasi akasikiliza.

"Nina kuku mia mbili Wawi," mzee alikuwa akisema. "Chanjo yao inataka baridi. Bwana mifugo kanambia ikipata joto ni kama kuwanywesha maji ya bomba."

"Mzee wangu, umefika penyewe," Haitham alisema. "Kazi ya Mjerumani hii. Imetengenezwa khasa kwa chanjo za kuku."

Rahma alitokeza mbele, akaweka kisanduku chake mezani kando ya kile kingine.

"Assalaam alaykum, mzee wangu."

"Waalaykumu salaam, mwanangu."

Haitham alimgeukia na tabasamu lile lile. Macho yake yalimpita Rahma kama yanavyoipita pasi iliyoko rafuni. "Karibu, dada. Wewe ndiye uliyechukua feni, si ndiyo? Imekuaje, haizunguki?"

Hakumkumbuka. Rahma alikuwa amepanga maneno mengi tangu hospitalini, makali, na yote yakamtoka. Alijikuta anauliza kwa upole kabisa.

"Sikuchukua feni. Nataka kuuliza tu. Hizi herufi, H na C, ni za nini?"

Haitham alikohoa. Aliiangalia swichi.

"H ni 'homu', nyumbani kwa Kiingereza. C ni 'ka', yaani gari. Ukiwa nyumbani unaweka H, ukiwa safarini unaweka C."

Rahma alikuwa amekuja akidhani kijana alifundishwa vibaya, kwamba kuna mahali kosa lilianzia. Kumbe hakuna mahali. Anaokota tu. Anaokota neno lolote lililo karibu na kinywa, analipaka mafuta mazuri, anampa mtu akampe mama yake. Kesho akiulizwa atasema H ni Hijja.

"Wiki iliyopita uliniambia H ni 'hai'," Rahma alisema. "Nguvu ya juu. Ukaniambia kwa dawa ya mama niweke H nisiitoe. Nikakupigia simu nikakwambia mna joto, ukanambia gesi inazunguka." Alikifungua kisanduku, akatoa kichupa kimoja, akakiweka mezani mbele ya mzee. "Tazama, mzee wangu. Hii ndiyo dawa ya mama yangu. H ni moto. Mama yangu yuko hospitali, jicho lake moja halioni."

Mzee wa Wawi, ambaye jina lake alikuja kulijua baadaye kuwa ni Mjaka, alikichukua kichupa akakitazama. Kisha alikirudisha mezani kwa hadhari, akamwangalia Haitham.

"Kijana, weye ulijua?"

Haitham aliiangalia swichi, safari hii bila ya tabasamu.

Mwenye duka alitoka nyuma, amesikia sauti. Bwana Nassor alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, tasbihi mkononi, sauti ya chini kama ya mtu anayefariji wafiwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema "pole sana, bibie, pole sana" katika kila kituo. Rahma alipomaliza, Nassor alikichukua kisanduku.

"H ni moto, bila shaka," alisema. "Hilo kila mtu analijua. Kijana kateleza tu, bado anajifunza."

"Wewe ulijua?"

"Mie mwenye mali nisijue?"

"Na ulijua anauza kuwa ni friji?"

Nassor aliizungusha tasbihi. "Bibie, kinapoza. Kitu kinachopoza watu wanakiita friji. Mie nimewakataza vijana wangu neno moja tu, 'sijui'. Mteja akisikia 'sijui' anakwenda duka la jirani. Hata hivyo, kusema kweli, na wewe ungesoma kitabu chake."

"Kitabu cha Kichina."

"Siku hizi simu zinafasiri."

Chuki aliyokuja nayo Rahma kwa yule kijana ilihama pale pale ikamwangukia huyu, na ilipohama ikabadilika ikawa kinyaa kitupu. Kijana hakujua, na huyu alijua. Alikaa kule nyuma na tasbihi yake anasikia kijana akiwaambia watu 'hai' na 'chini' na 'homu', na kila kisanduku kilichotoka kilimpunguzia mzigo rafuni. Alimtazama vidole vikihesabu punje, laini, vyeupe, vya mtu anayetawadha mara tano kwa siku.

"Nirejeshee pesa zangu," alisema. "Na bandika karatasi kwenye visanduku vyote hivi, kwa Kiswahili: hiki si friji la dawa, H inapasha moto."

"La kwanza risiti yako imelijibu. La pili, duka ni langu."

Rahma hakubishana. Alikibeba kisanduku, akatoka nje ya mlango wa kioo, akakiweka kizingitini, akakikalia. Mzee Mjaka alitoka nyuma yake na mfuko wake mtupu, akasimama kidogo, kisha akaegemea ukuta kando yake bila ya kuambiwa.

Kila aliyekuja kuingia, Rahma alimsalimia na kumweleza. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alisema mama yangu anaitwa Bi Bimkubwa, wa Gando, na akaonesha kichupa. Mzee Mjaka akaongeza la kwake: "Na mie nusura niue kuku mia mbili." Wengine waliingia hata hivyo. Wengi waligeuka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alisema alinunua humo kidude cha kuzuia umeme ukizidi, akaambiwa kinazuia hata radi, televisheni yake imeungua na kidude kizima, naye akabaki. Mpaka adhana ya alasiri ilipoadhiniwa walikuwa watu saba kizingitini, na hakuna aliyekuwa ameingia kwa muda.

Nassor alimtuma Haitham. Kijana alikuja na bahasha, ametia tai mfukoni, shati limelowa kwapani. Aliinama.

"Dada, zimo zote. Mwenyewe kasema uondoke." Halafu akashusha sauti. "Nisamehe. Mie nilikuwa nauza viatu. Nina wiki tano tu hapa. Nikisema sijui nafukuzwa."

Rahma alimtazama. Kwa karibu alikuwa mtoto tu, na yale mafuta mazuri yamechanganyika na jasho la woga. Alitaka kumwonea huruma, akajaribu, akakuta hana.

"Ungesema sijui ningekwenda duka la pili," alimwambia. "Mama yangu angekuwa anachambua mchele saa hizi. Ndiyo bei yake hiyo. Sikusamehe leo. Pengine siku nyingine."

Alichukua bahasha, akainuka, akamwachia kisanduku pale chini. Nyuma ya kioo Nassor alikuwa anaviteremsha visanduku vya buluu kutoka rafuni, kimoja kimoja, bila ya kutazama nje. Mzee Mjaka alisema alhamdulillah. Rahma naye akasema, na njia nzima ya kurudi hospitali aliamini kuwa mambo yamekwisha.

Friji alikuja kulipata kwa fundi mmoja wa Wete aitwaye Mmanga, mtu wa mikono myeusi kwa grisi. Lilikuwa limetumika, limekwaruzwa mlangoni. Rahma aliuliza litadumu miaka mingapi na Mmanga akasema hajui, ila atalitilia kipimajoto, alichomeke hapo gereji kwa siku mbili, na Rahma aje alisome mwenyewe. Alikuja, akasoma, akalipa. Bi Bimkubwa alirudi nyumbani anatembea kwa kushika ukuta. Jicho lilipata mwanga kidogo, si wote. Mchele anauchambua kwa vidole siku hizi, na mara nyingine wanakula chenga na mawe.

Miezi miwili baadaye Rahma alimpeleka mama yake kwa daktari wa macho Chake. Walipotoka, Bi Bimkubwa alitaka kununua halua, na duka la halua liko mkabala na lile la vioo. Rahma hakutaka kutazama. Akatazama.

Visanduku vya buluu vilikuwa vimerudi. Safari hii havikuwa rafuni tena, vilikuwa dirishani kabisa, vimepangwa kwa ngazi, na juu yao bango kubwa la herufi nyekundu, kwa Kiswahili safi: FRIJI LA KISASA. MOTO NA BARIDI. KAZI MBILI KWA BEI YA MOJA. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: Linafaa kwa dawa.

Alilisoma mara mbili. Kwa hiyo walikuwa wamemsikiliza. Kila neno alilolisema pale kizingitini mtu alikuwa ndani analisikiliza, analipima, analigeuza biashara. Hata Kiswahili alichokidai wamempa. Mate yalimjaa kinywani, mazito, machungu, akayatema kwenye mtaro mbele za watu, jambo ambalo tangu azaliwe hakuwahi kulifanya.

"Una nini?" Bi Bimkubwa aliuliza. Jicho lake zima lilikuwa kwenye halua.

"Sina kitu, mama."

Mwanamke mmoja kijana, mjamzito, alikuwa amesimama mbele ya dirisha la vioo, anasoma lile bango huku anahesabu kitu vidoleni. Mlango ulifunguka kutoka ndani, na kijana mwingine, si Haitham, mwenye tai ya kijani, akatoa kichwa akitabasamu.

Rahma alimkalisha mama yake kwenye kiti cha muuza halua, akamwomba muuza huyo amtazamie, akakusanya buibui lake mkononi, akavuka barabara.